Kelepi, Droni, na Kaburi la Nukuhina

Mume wangu Kelepi hajui kukataa. Tuanzie hapo, maana ukimwachia yeye asimulie ataanzia kwenye skrubu na nyaya, na utasinzia kabla hujajua kilichotokea.

Si mjinga. Mikono yake ina akili kuliko vichwa vya wanaume wengi ninaowafahamu, na wanaume nawafahamu, nimelelewa na kaka tupu. Zamani alikuwa fundi wa injini za boti. Halafu ndugu zetu walioko Auckland wakaanza kutuma droni kama walivyokuwa wakituma nyama za kopo, kila sherehe ikataka kupigwa picha kutoka juu, na kila droni ikaenda kukutana na mnazi wake. Kisiwa chetu kina minazi kuliko watu. Ndipo Kelepi akapata kazi mpya. Wanamletea zimefungwa kwenye taulo kama kitoto kichanga, mapanga yake ya kurukia yamekatika, na kila mwenye nayo ana maneno yale yale: "Sikufanya kitu, imeanguka yenyewe." Kelepi habishani nao. Anaipokea, anaipuliza vumbi, anaipindua tumbo juu, anaisikiliza.

Kusikiliza ndiko ufundi wake. Huniambia kwamba panga la droni likigusa kitu, hata uzi, usitazame panga peke yake. Mshtuko unashuka kwenye shafti, unaingia kwenye beringi, kwenye zile gololi zake, unajificha humo. "Panga lililovunjika utaliona," husema. "Beringi iliyoumia utaisikia, tena mpaka mota izunguke kwa kasi yake. Ukiizungusha kwa kidole inakudanganya." Mimi humjibu kwamba basi beringi ni kama ukoo wake, siku za kawaida wote wazima, ngoja ije shughuli.

Na shughuli ilikuja.

Sisi ni watu wa Nukuhina. Kisiwa hakijafa, unakiona hapo ng'ambo ukisimama ufukwe wa magharibi, lakini hakuna anayekaa. Wimbi kubwa lilipopita lilichukua nyumba, likachukua kanisa likaacha ngazi, na mlango wa mwamba ambamo boti zilikuwa zikipita likaujaza mawe. Tukaletwa huku kisiwa kikubwa, tukapewa nyumba za mbao zinazofanana kiasi kwamba mwezi wa kwanza mjomba alikuwa akiingia kwa watu na kuvua viatu. Sawa, tunaishi. Ila makaburi yalibaki kule, na baba mkwe wangu Feleti yumo.

Mama mkwe wangu, Lesieli, hakulilia nyumba wala kanisa. Aliuliza kitu kimoja: "Kaburi la mume wangu lipo?"

Basi watu wakawa wanamjibu. Wanaokwenda kuvua huzunguka kule kwa mbali, wanaona povu na miti, wanarudi kumwambia, "Lipo, Mama, tumeliona, mchanga wake mweupe kabisa." Mchungaji akamwambia lipo. Wifi yake akamwambia lipo. Mmoja alizidisha, akasema ameona hata maua ya plastiki. Mama Lesieli akamtazama yule kijana mpaka akatafuta kofia yake.

"Kila mtu anarudi na kaburi mdomoni," akasema alipoondoka. "Nani ameniletea machoni?"

Mwaka huu miguu yake ilivimba, pumzi ikawa fupi, jicho moja likaingia ukungu. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akatoka nje na mimi, akatazama kuku wangu kama vile ndio wagonjwa. Akasema, "Mpeni anachopenda." Nani asiyejua maana ya hilo neno? Nikaingia ndani nikamuuliza, "Mama, unapenda nini?" Akasema, "Nilishasema."

Kelepi akasikia. Siku ile ile akapanga kuivusha droni yake. Yake mwenyewe, siyo za kwenye taulo. Ile nzuri, aliyoikusanya kipande kwa kipande kutoka kwenye zilizokufa. Kutoka ufukwe wa magharibi ingefika Nukuhina na kurudi, bora pasiwe na upepo. Wiki nzima ikanyesha mvua. Redio ikasema Jumamosi na Jumapili kutatulia, Jumatatu asubuhi bado shwari, kisha upepo wa kusini mashariki utaingia na haujulikani utatoka lini. Basi Kelepi akasema Jumamosi.

Lakini Jumamosi ilikuwa na mwenyewe.

Shangazi yake, Tokilupe, dada mkubwa wa marehemu Feleti, alikuwa na sherehe ya mjukuu wake. Na kwetu shangazi ni shangazi. Dada ya baba yako akisema lete mkeka, unaleta mkeka; akisema lete ng'ombe, unaulizia kamba. Kwenye msiba yeye ndiye anayekaa juu ya mikeka yote kama afisa forodha. Kelepi alikwenda kumwomba ruhusa siku mbili kabla, akakaa chini kwa adabu, kichwa ameinamisha.

"Shangazi, naomba Jumamosi niende ufukweni kwa ajili ya Mama. Nitakuletea mtu mwingine apige picha."

"Mtu gani?"

"Yule kijana wa dukani, ana droni mpya."

"Yule aliyepiga picha harusi nzima akatuonyesha paa? Hapana. Utakuja wewe. Kwani kaburi la kaka yangu litakimbia kati ya Jumamosi na Jumatatu?"

Kelepi akasema, "Ndiyo, Shangazi," maana yake hapana, litakuwepo. Au maana yake nitakuja. Kwa shangazi jibu ni hilo hilo.

Sherehe ilikuwa kubwa, sina neno. Turubai lilifunika uwanja, nguruwe wa kuoka wamepangwa mezani wakitazama upande mmoja kama kwaya, na utepe wa kung'aa umetandazwa juu kutoka nguzo hadi nguzo. Mjukuu akatoka kucheza, amepakwa mafuta mpaka anameremeta, na watu wakaanza kumwendea kumbandika noti mabegani na mikononi, kama ilivyo desturi. Kelepi alikuwa amesimama pembeni na rimoti, droni iko nje ya turubai, juu, inapiga picha watu wanavyoingia.

Shangazi akampigia kelele akiwa mikekani. "Kelepi! Watu wa Auckland wanataka kumwona mtoto, siyo turubai! Ingiza hicho kidude chako!"

"Shangazi, kuna utepe."

"Utepe uko juu. Pita chini."

"Upepo wake utapeperusha noti."

"Noti zimegandishwa na mafuta. Ingiza, mwanangu, mtoto anamaliza kucheza."

Nilimwona akitazama utepe, akitazama shangazi, na nikajua amekwisha shindwa. Droni ikaingia chini ya turubai, taratibu, kama mtu anayepita chumba chenye wagonjwa. Ikamzunguka mtoto mara moja, vizuri. Shangazi akapiga makofi, akasema, "Si unaona? Shusha kidogo, uso wake!" Ikashuka. Noti zikaanza kuruka. Mjomba mmoja, amejaa kinywaji na mapenzi, akarukia noti kwa mikono miwili, akavuta utepe badala ya noti. Utepe ukalala juu ya mapanga.

Ulikuwa mlio mdogo. Krr. Kama mtu aliyetafuna mchanga. Droni ikajizungusha, ikapiga nguzo, ikaanguka mgongoni mwa nguruwe wa tatu, na mapanga yaliyobaki yakaendelea kuchimba nyama na mafuta mpaka Kelepi alipofika kuizima.

Watu walicheka. Nami sikatai, kama siyo droni ile na kama siyo Jumatatu ile, ningecheka mpaka nikae chini. Shangazi alisema, "Huyo nguruwe wapeni watoto, wakubwa wasile plastiki," kisha akamwambia mume wangu, "Pole, mwanangu. Si utaitengeneza? Wewe fundi."

Huwezi kuondoka kwenye sherehe ya shangazi kabla shangazi hajaondoka. Alipoondoka yeye, Jumapili ilikuwa imeshapiga hodi.

Na Jumapili ya kwetu hata mbwa hubweka kwa aibu. Duka halifunguliwi, ndege haziruki, polisi akikukuta unapiga nyundo utakwenda kumweleza kituoni ulikuwa unapigilia nini. Unakwenda kanisani, unarudi, unafukua chakula kwenye tanuri la ardhini, unakula, unalala, unakwenda tena kanisani. Isitoshe Kelepi ni mzee wa kanisa. Yeye ndiye anayesimama kuwakumbusha watu kwamba mashine ya kukata majani nayo ina haki ya kupumzika.

Tulipotoka ibada ya asubuhi nikaweka mezani majani ya magimbi na nyama ya kopo, tui limekolea vizuri. Hakukaa mezani. Alikuwa ameketi sakafuni chumbani kwetu, ametandika shuka jeupe, droni juu yake imefunguliwa kifua.

"Hiyo siyo kazi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sifanyi kazi. Naangalia."

"Unaangalia na bisibisi?"

"Naangalia kwa ndani."

Basi nikakaa nikamtazama anavyoangalia kwa ndani. Panga moja limekatika, lenzake limemeguka ncha. Hayo akayatoa, akaweka mapya, na hata yale ya upande wa pili yaliyoonekana mazima akayabadilisha. Akasema mapya na yaliyochoka hayavuti sawa, ni kama kufunga ng'ombe na mbuzi kwenye jembe moja. Akachukua lenzi ya kukuzia, akatembea nayo kwenye kila mkono wa droni, polepole, mpaka akapata ufa kama unywele kwenye ule wa mbele kushoto. Akatia gundi, akauviringishia uzi, akafunga kama anavyofungwa mtu aliyevunjika. Shingo ya kamera ikawa nzima. Tukafurahi wote wawili kimya kimya.

Kisha akafika kwenye mota ya mkono ule ule.

Utepe ulikuwa umejisokota ndani, chini ya kikombe cha mota, umesagika na mafuta ya nguruwe. Akaniomba sindano yangu ya kushonea mablanketi. Akachokonoa kipande kimoja kimoja kinachong'aa, akavipanga kwenye shuka. Akasafisha kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka nyeusi, akasafisha tena ikatoka kahawia, akasafisha tena. Mwishowe akaishika karibu na sikio, akaizungusha kwa kidole.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema nzima."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema inaongea na kidole."

"Badilisha mota."

"Mota ya akiba iko kwenye kontena. Kontena liko melini. Meli iko baharini."

Sikuuliza bahari iko wapi.

Kilichobaki ni kitu kimoja, na wote tulikijua: kuwasha. Kuiweka chini, kuishikilia, kuizungusha kwa kasi yake dakika moja, asikie. Droni hiyo ikiwashwa hulia kama nyuki wa mzinga mzima waliotukanwa. Nyumba zetu ni za mbao, jirani akikohoa sisi tunamwambia pole bila kutoka kitandani.

Pazia ndilo linalotenga chumba chetu na cha Mama Lesieli. Nyuma ya pazia sauti ikatoka.

"Kelepi. Unafanya nini huko?"

"Nimekaa tu, Mama."

"Mbona kukaa kwako kunagonga?"

Kelepi akafumba macho. Mimi nikatazama dari, maana ningemtazama yeye ningecheka, na kicheko kingetoka na kilio nyuma yake.

"Ni ile droni, Mama. Iligonga jana. Naitazama tu."

Pumzi yake tuliisikia, ile pumzi fupi, kama mtu anayepanda kilima akiwa amelala.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Nataka kuliona lile kaburi kuliko ninavyotaka chakula. Lakini kwa ajili yangu usiivunje Jumapili. Mimi nimeshakaribia kule ninakokwenda. Sitaki nifike na kesi yako mkononi."

"Ndiyo, Mama."

"Umeniitikia kama unavyomwitikia Tokilupe."

"Hapana, Mama. Nimekuitikia kweli."

Na alikuwa amemwitikia kweli. Nikamvuta nje, nyuma ya tanuri, nikamwambia apeleke shambani kwa kaka yangu Sitaleki, huko hakuna mtu. Akaniuliza, "Na nikikutana na mchungaji njiani, nimebeba nini chini ya shati? Mtoto?" Nikamwambia, "Mwambie ndiyo, ni mtoto, anaumwa." Hakucheka. Akasema ataamka alfajiri ya Jumatatu, jogoo wa kwanza, aiwashe hapo nyumbani kabla ya kitu chochote, aisikilize. Akisikia kibaya, atajua la kufanya.

"Utafanya nini ukisikia kibaya?"

Akafikiri. "Nitajua kwamba ni kibaya," akasema.

Akarudi ndani, akaketi, akaendelea kuizungusha ile mota kwa kidole, sikio limeinama. Alifanya hivyo alasiri nzima, mpaka ngoma ya gogo ya ibada ya jioni ilipolia. Sijapata kuona mtu amekaa karibu na kitu namna ile na hana la kukifanya.

Jumatatu, kabla hajashusha miguu kitandani, tukasikia pazia linavutwa. Mama Lesieli alikuwa ameketi kwenye kiti. Ameketi mwenyewe, sijui kwa nguvu gani. Amevaa nguo nyeusi, amechana nywele, na kiunoni amefunga mkeka wake wa heshima, ule anaofunga akienda mbele ya wakubwa.

"Bado hamjaondoka?"

"Bado mapema, Mama. Nataka kwanza niiwashe kidogo niisikilize."

"Upepo umeshaamka. Mimi nimeusikia kabla yako."

Tukatoka nje kutazama. Ni kweli, majani ya mgomba yalikuwa yameanza kupekua kurasa. Redio ilikuwa imesema mchana. Lakini upepo hausikilizi redio. Hapo hapo gari la Sitaleki likasimama mlangoni na honi juu, na ndani ya gari yumo Shangazi Tokilupe, amekuja kukaa na wifi yake, mkoba umejaa mabaki ya sherehe.

"Mnangoja nini?" akauliza hata kabla hajashuka. "Kelepi, mama yako amevaa, amekaa, na wewe bado umevaa suruali ya kulalia?"

"Dakika moja tu, Shangazi, niisikilize mota."

"Utaisikiliza huko huko. Kwani masikio unayaacha hapa?"

"Kelepi," mama yake akasema kutoka ndani, taratibu, "jicho langu la asubuhi ndilo zuri. Mchana linajaa maziwa."

Akasimama pale, droni mkononi, mama huku, shangazi kule, majani juu. Nimeshasema mume wangu hajui kukataa. Asubuhi ile hata anayejua angeshindwa. Tukapanda gari.

Ufukwe wa magharibi una mwamba karibu, na bahari hupasuka pale kutwa kucha. Ukitaka kumwambia mtu jambo unamshika shati. Kelepi akaiweka droni kwenye mkeka, akaiwasha. Mapanga yakazunguka. Akapiga magoti, akainamisha sikio mpaka nikaogopa atakatwa, akakaa hivyo.

Sitaleki akapiga ukelele, "Inasikika vizuri!"

"Unaisikia?"

"Siisikii kabisa! Ndiyo uzuri wenyewe!"

Kelepi akatikisa kichwa. Alikuwa anaisikia bahari tu. Akainyanyua kimo cha mtu, akaiacha ining'inie. Ikatulia. Akaisogeza kushoto, kulia. Ikatii. Majani ya minazi nyuma yetu yakaanza kugonganagongana. Akanitazama. Akaipeleka.

Mimi nilishika mkeka kuwa kivuli juu ya simu iliyobanwa kwenye rimoti, ili aone picha. Tukaona mwamba ukipita chini. Tukaona ule mlango wa zamani, mawe makubwa yamekaa ndani yake kama watu waliogoma kutoka. Kisha Nukuhina. Sikuwa nimeiona tangu siku ya wimbi. Ngazi za kanisa, zinapanda kwenda kwenye hewa. Mshelisheli wa kwetu, nusu yake. Nilitaka kusema, "Pale ndipo jiko langu," nikaona nikifungua mdomo nitamharibia.

"Picha inatetemeka," Sitaleki akasema.

"Ni upepo," nikasema mimi.

"Siyo upepo," Kelepi akasema.

Simu ikaandika maneno mekundu. Mota ya mbele kushoto.

"Irudishe!" Sitaleki akapiga kelele. "Irudishe, shemeji!"

"Kurudi ni mbali kuliko kufika," Kelepi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja. Akaisukuma mbele. Makaburi yako nyuma ya miti ile, upande wa nje. Miti ikaja, ikapita chini, picha ikitetemeka mpaka kila jani lilikuwa mawili. Nyuma ya miti, kwenye ukingo wa chini wa picha, kukatokea kitu cheupe.

Kisha ikainama. Bahari, mbingu, bahari, mbingu, kwa kasi, kama mtoto anayezungushwa na mjomba wake. Kisha nyeusi.

Vidole vya Kelepi viliendelea kuendesha. Kulia, mbele, juu. Sitaleki akamshika bega. Aliendelea bado, kitambo, ndipo akaacha.

Hakuna boti ya kuifuata kule, mlango umejaa mawe. Tulisimama tukatazama maji, kama kwamba kutazama ni kazi.

Nyumbani, mama yake alikuwa vile vile kwenye kiti. Hakuuliza. Alimtazama mwanawe alivyoingia mikono mitupu, akajua nusu. Kelepi akapiga magoti mbele yake, akamwambia yote, tangu utepe hadi beringi, kisha akamwambia kwamba simu imehifadhi picha mpaka pale ilipoanguka.

"Nionyeshe."

Akamshikia simu karibu na jicho lile zuri. Alitazama bila kupepesa. Penye ngazi za kanisa alisema, "Eh." Penye miti akashika mkono wa Kelepi. Kisha cheupe, kisha kuzunguka, kisha giza.

Shangazi Tokilupe, aliyekuwa anatazama juu ya bega, akapiga kofi. "Lipo! Mmeona? Peupe pale! Ni mchanga wa kaka yangu huo, nilisema mimi!"

"Wifi," Mama Lesieli akasema, "nakuheshimu sana. Nyamaza."

Na Shangazi Tokilupe, ambaye sijapata kumwona akinyamazishwa na mtu tangu niolewe, akanyamaza. Akaketi chini, siyo kwenye mkeka, sakafuni, akaanza kulia kwa kitambaa mdomoni. Aliyezikwa kule ni kaka yake.

"Rudia. Simamisha pale," mama akasema. Kelepi akasimamisha. "Wewe ndiye unayejua kutazama. Ule ni mchanga wa makaburi, au ni povu?"

Kelepi akaikuza ile picha. Ilivyokuwa inakua ndivyo ilivyokuwa inageuka miraba midogo, myeupe na ya kijivu. Akaipunguza. Akaikuza tena. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwomba moyoni, nasema wazi, nikimwomba aseme mchanga. Neno moja. Lingemgharimu nini?

"Sijui, Mama," akasema.

Upepo ulianza kweli mchana ule, na ninapoandika haya bado unavuma. Binamu yake Kelepi wa mjini alikuja na droni kubwa, akakaa kwetu, akala, kila asubuhi anatoka nje, anapigwa na mchanga machoni, anarudi kunywa chai. Kelepi amempangulia mota zote nne, amezisikiliza moja moja, ni nzima kabisa. Ziko kwenye mkoba. Muuguzi amekuja tena, amewatazama kuku tena.

Mama Lesieli haketi kwenye kiti sasa. Asubuhi, jicho likiwa zuri, anaomba simu. Kelepi anaketi ukingoni mwa kitanda, anamwendeshea mpaka penye cheupe, anasimamisha. Jana aliinua mkono, ule ulionenepa kwa maji, akapeleka kidole pale penye weupe, polepole, kama mtu anayetaka kufuta vumbi usoni mwa mtoto aliyelala. Akagusa. Simu ikadhani imeamriwa. Picha ikaondoka, bahari, mbingu, bahari.

Akarudisha kidole haraka, akakificha ndani ya shuka.

"Usiguse, Mama," Kelepi akamwambia. "Ukigusa inaondoka."

"Sitagusa," akasema. "Irudishe. Sitagusa."